Kuomba si Kuombaomba: Safari Yetu ya Miaka Kumi hadi Mlango wa Halmashauri



Kamati ya sherehe ilipotukabidhi kazi ya kuandika historia ya kikundi chetu, ilitutaka tueleze tulikotoka tangu Julai 2015 hadi leo. Orodha ya viongozi na hesabu za kila mwaka zimo katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Hapa tumeonelea tueleze jambo moja tu, ambalo limetutoa jasho kuliko mengine yote, nalo ni namna kikundi cha akina mama wa kijijini kinavyopeleka maombi ya fedha halmashauri na kinavyojibiwa. Tutasema yaliyofanikiwa, na tutasema pia yale ambayo wengine kati yetu wangependa yasahaulike. Majina ya watu tumeyaacha kwa makusudi. Aliyekuwepo anajua, na asiyekuwepo hana haja ya jina ili apate funzo.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili mtu anayeandika barua ya maombi anaomba, na anayekaa kando ya barabara na kopo lake naye anaomba. Neno ni moja. Kwa watu wa mikoa mingine pengine hilo ni jambo dogo, lakini sisi wa Dodoma tunajua linavyouma. Kwa miaka mingi huko Dar es Salaam, mtu akionekana ananyoosha mkono barabarani, watu walisema bila kuuliza, "Huyo katoka Dodoma." Watoto wetu waliokwenda kutafuta kazi mjini wametaniwa hivyo mpaka wakaona haya kutaja kwao.

Ndiyo maana katika kikao kile cha mwaka 2017, ilipotolewa hoja kwamba tupeleke maombi halmashauri, bibi yetu mmoja aliyetuzidi wote umri alisimama akasema, "Wanangu, mimi nimekula mlenda na ugali wa uwele miaka yote hii sijanyoosha mkono. Leo mnataka nikapige hodi serikalini nikaombe?" Mkutano ukanyamaza. Historia hii yote ni jibu la swali lake.

NCHI YETU NA NJAA ZAKE

Nyanda hizi za kati ni kavu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima ni kama milimita 500 hadi 600 tu. Ikikatika Februari, mahindi yamekwenda. Mtama na uwele huvumilia, lakini navyo vina kikomo. Wazee wetu waliizipa njaa majina kama mtu anavyowapa watoto wake majina. Iliyokumbukwa kuliko zote ni Mtunya, ya miaka ya 1918 hadi 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamepita hapa yakichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na mvua ilipokosekana hapakuwa na akiba tena.

Katika njaa namna hiyo watu walikwenda kuhemea, yaani kusafiri mbali kutafuta chakula kwa ndugu na marafiki. Kuhemea hakukuwa aibu. Uliyemwendea leo, kesho mvua ikimkataa naye angekuja kwako. Ilikuwa ni akiba ya watu wasio na benki. Tunataja jambo hili kwa sababu watu wengi huanza hadithi ya Dodoma kwenye kopo la barabarani, wakati ilianza kwenye kusaidiana kwa zamu.

Akina mama walikuwa na yao pia. Walilimiana mashamba kwa zamu na walicheza upatu. Kilichokosekana ni maandishi. Mweka hesabu alikuwa kichwa cha mtu, na akifa au akikasirika, hesabu ilikwenda naye.

FEDHA HIZI ZILIANZIA WAPI

Kabla ya kueleza maombi yetu, hapana budi kueleza kwanza fedha tulizoziomba ni zipi, maana sisi wenyewe tulikwenda mara ya kwanza hatujui.

Wakati wa ukoloni serikali za wenyeji zilitambuliwa kwa sheria ya mwaka 1926 na zilikusanya kodi, lakini mwanamke hakuwa na kiti katika kupanga matumizi. Baada ya Uhuru halmashauri ziliendelea, kisha mwaka 1972 zikafutwa, na shughuli zake zikachukuliwa na serikali kuu kupitia mikoa na wilaya. Zile za miji zilirudishwa mwaka 1978. Mwaka 1982 Bunge likatunga sheria za kuzirudisha za wilaya na kuziweka zote sawa, ikiwamo Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Namba 9, na kazi ikaanza upya mwaka 1984. Sheria hiyo ndiyo tunayoisikia leo ikitajwa kama Sura ya 290.

Kwa upande wa wanawake, Umoja wa Wanawake wa Tanzania uliundwa mwaka 1962. Mwaka 1990 ikaundwa wizara yenye jina la wanawake ndani yake, ya Maendeleo ya Jamii, Wanawake na Watoto. Mwaka 1993 ukaanzishwa Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake. Miaka miwili baadaye, mwaka 1995, ulifanyika mkutano mkubwa wa wanawake wa dunia huko Beijing, na Katibu Mkuu wake alikuwa mama yetu Gertrude Mongella, Mtanzania. Wale kati yetu waliokuwa wasichana wakati huo wanakumbuka neno "Beijing" lilivyokuwa mdomoni mwa kila mtu, hata kwa utani wa akina baba.

Halmashauri zikatakiwa zitenge sehemu ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya wanawake na vijana. Shida ni kwamba kwa miaka mingi lilikuwa ni agizo tu. Halmashauri iliyotaka ilitenga, na iliyobanwa na mambo mengine iliacha. Agizo likawa sheria mwaka 2018, pale Bunge lilipoongeza kifungu cha 37A katika ile Sura ya 290. Kanuni zake zikatoka mwaka 2019. Tangu hapo kila halmashauri inapaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mkopo huo hauna riba.

Tuifanye hesabu kwa mfano. Halmashauri ikikusanya shilingi bilioni moja inayohusika na sheria hii, milioni 100 zinatengwa. Kati ya hizo, milioni 40 ni za vikundi vya wanawake, milioni 40 za vijana na milioni 20 za wenzetu wenye ulemavu. Siyo sadaka ya mtu, na wala siyo fedha ya mfukoni mwa kiongozi yeyote, hata kama siku ya kukabidhi hundi maneno husemwa kana kwamba ndiyo.

SANDUKU KWANZA

Tulianza tukiwa akina mama 25, chini ya mkwaju ulio karibu na ghala la kijiji, kila Alhamisi saa tisa alasiri. Utaratibu tulijifunza kwa kikundi cha kijiji jirani, nacho kilijifunza kwa wengine. Mfumo huu wa hisa na sanduku una safari ndefu. Ulianza Niger mwaka 1991 kwa akina mama wa huko, wakisaidiwa na shirika la CARE, ndipo ukaenea Afrika na kuingia kwetu, ambako wengi tunauita VICOBA.

Hisa moja ilikuwa shilingi 1,000, na mfuko wa jamii shilingi 500. Sanduku la bati lilikuwa na makufuli matatu, na funguo zilikaa kwa akina mama watatu ambao si ndugu wala si majirani wa karibu. Alhamisi ya kwanza tulikusanya hisa za shilingi 31,000. Tulizihesabu mara nne, kwa furaha na kwa kutoaminiana.

Jamani, tusidanganyane. Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu. Waume wengine walisema tunakwenda kupiga umbeya. Mwenzetu mmoja alinyang'anywa kitabu chake cha hisa na mumewe, akaja akilia. Tukamwandikia kingine, na kile cha zamani tukakifuta mbele ya mkutano. Lakini sanduku lilikwenda. Mwisho wa mwaka tulipogawana, mwenye hisa chache kabisa alipata za kununulia mbuzi jike. Waume wakaanza kuuliza kwa upole Alhamisi ni lini.

MAOMBI YA KWANZA NA KATIBA YA WATU WENGINE

Mwaka 2017 tukasikia kuwa halmashauri hutoa fedha kwa vikundi. Tukaandika barua ukurasa mmoja: "Sisi akina mama wajasiriamali tunaomba ruzuku ya shilingi 8,000,000/= kwa ajili ya maendeleo." Tukaweka saini, tukagonga mhuri wa kijiji, tukampa kijana wa bodaboda aipeleke.

Ilirudi. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata alikuja mwenyewe siku ya Alhamisi, akaketi kwenye mkeka pamoja nasi, akatoa makosa moja baada ya jingine. Kwanza, tumeomba ruzuku na fedha hizi ni mkopo. Pili, "maendeleo" si mradi. Tatu, hatuna akaunti ya benki. Nne, hatuna muhtasari wa kikao kilichoamua kuomba. La tano lilitumaliza. Akafungua katiba yetu, akasoma kifungu cha nne kwa sauti: makao makuu ya kikundi yatakuwa katika kijiji... akataja kijiji cha wale jirani zetu! Kumbe tuliyempa kazi ya kuinakili alinakili kila kitu, hata jina la kijiji. Miaka miwili tuliishi chini ya katiba ya watu wengine bila kuisoma.

Tulicheka siku ile mpaka machozi. Lakini usiku kila mmoja alifikiri kwake, kama jambo hilo hatukulijua, ni mangapi mengine?

KOPO LA RISITI

Hapo ndipo lilipotokea lile swali la bibi yetu. Wengi walikuwa upande wake. Walisema tumejaribu, tumeaibika, inatosha, turudi kwenye sanduku letu.

Kikao kilichofuata bibi yuleyule alikuja na kopo kuukuu la mafuta ya kupikia. Alilifungua, akamwaga mkekani risiti za ushuru wa mnadani. Kwa miaka mingi amekuwa akiuza mlenda mkavu, ubuyu na karanga kwenye mnada, na kila karatasi aliyopewa na mtoza ushuru aliihifadhi kwa kuogopa asije akadaiwa mara mbili. Tukazihesabu, zikawa 212. Kila moja shilingi 300, jumla shilingi 63,600, na siku ambazo hakupewa risiti hazimo.

Bibi akauliza, "Hizi zilikwenda wapi?"

Mwalimu mstaafu aliye mwanachama wetu akajibu kwamba zilikwenda halmashauri, na sehemu yake ndiyo inayokopeshwa vikundi. Bibi akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Basi kumbe mimi nilikwisha kutoa. Andikeni barua nyingine, na safari hii mniandike mwanzoni."

Tangu siku hiyo tulibadilika. Tulianza kuhesabu kila kitu tunachokatwa. Chukua gunia la alizeti linalouzwa shilingi 60,000. Tangu mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara hauzidi asilimia 3, kwa hiyo ushuru wake ni shilingi 1,800. Huulipa mnunuzi, lakini nani asiyejua kwamba bei anayotupa sisi imekwisha kukatwa? Katika hiyo 1,800, asilimia 10 ni shilingi 180, na sehemu ya wanawake ni shilingi 72. Ni ndogo, naam. Lakini hesabu magunia yote yanayotoka nyanda hizi kwa msimu mmoja.

NJIA YENYEWE

Tulitumia mwaka 2018 na 2019 kujitengeneza. Tuliandika katiba yetu wenyewe, tukaisoma kifungu kwa kifungu kwa Alhamisi sita. Tulifungua akaunti yenye watia saini watatu. Tulisajiliwa halmashauri. Tunawaambia wenzetu wasichanganye mambo hapa. Asasi isiyo ya kiserikali husajiliwa kwa sheria yake ya mwaka 2002, na kikundi cha kuweka na kukopa ni kitu kingine, kinachoangaliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kadhalika, Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, wenye sheria ya mwaka 2009, ni mlango tofauti. Huo husaidia kazi za jamii nzima kama darasa au kisima, na hausaidii biashara ya watu wachache. Mwenye shida ya mtaji akibisha mlango wa mabati, atarudi bure.

Andiko la mradi lilituchukua miezi mitatu. Tulilazimika kujibu maswali ambayo hatukuwahi kujiuliza. Alizeti tutainunua kwa nani, mwezi gani, kwa bei gani? Gunia moja linatoa mafuta lita ngapi na mashudu kilo ngapi? Gharama ya kukamulisha? Magunia yakiliwa na panya? Mwenzetu mmoja alikwenda kukaa siku nzima kwenye mashine ya watu akiandika kila gunia lililoingia na kila dumu lililotoka, mpaka mwenye mashine akamdhania mtu wa kodi.

Maombi yalikwenda kwa mtendaji wa kijiji, yakapita kwenye kata, yakafika kwa wataalamu wa halmashauri, halafu timu ya menejimenti, mwisho Kamati ya Fedha. Wataalamu walikuja kututembelea bila kutuarifu. Tunashukuru walikuja siku ya Alhamisi, wakakuta sanduku liko wazi na hesabu zinasomwa. Hawakuuliza sana kuhusu andiko. Waliomba daftari la mahudhurio na la mikopo ya miaka minne, wakalipekua ukurasa kwa ukurasa. Baadaye tulielewa kwamba maombi yetu halisi yalikuwa ni lile daftari, na barua ilikuwa ni bahasha yake tu.

MKOPO WA KWANZA NA KOSA LETU

Februari 2020 tulipokea hundi. Ilikuwa hundi ya mfano, kubwa kama mlango, tukapigwa nayo picha, na ngoma ya muheme ikalia mpaka vumbi likatanda. Tuliomba milioni nane, tukapewa nne.

Sasa linakuja lile la aibu. Tuliandika alizeti, na kwa sehemu tuligawana fedha. Ugonjwa wa korona ulikuwa umeingia, mnada umepoa, kila nyumba ina shida. Mmoja akasema, "Kwani tukichukua kidogo kidogo, alizeti si itabaki?" Tukapiga kura. Hoja ikapita. Kati ya milioni nne, milioni mbili na nusu zilinunua alizeti, na milioni moja na nusu waligawana wanachama 15, kila mmoja shilingi 100,000, kwa ahadi ya kurudisha baada ya mavuno.

Tisa walirudisha. Sita hawakuweza. Hawakuwa wezi. Mmoja alizika mtoto, mwingine mume alichukua, wengine fedha ilikwenda tumboni. Lakini mkataba wa halmashauri haukuandika majina ya sita, uliandika jina la kikundi. Wakati huo tulikuwa 30. Wale 24 tukachanga shilingi 25,000 kila mmoja, tukaziba lile pengo la shilingi 600,000. Wapo waliouza kuku, yupo aliyeuza kitenge cha harusi. Kuna Alhamisi mbili watu walikaa bila kusalimiana, na mwenzetu mmoja kati ya sita alihama kijiji bila kuaga.

Juni 2021 tulilipa rejesho la mwisho. Hatukupiga ngoma. Tulifunga sanduku, tukaenda nyumbani.

Wanne kati ya wale sita wamekwisha kurudisha deni kwa kikundi, kidogo kidogo. Aliyehama tulimfuata mwaka 2022, akina mama watatu, tukamwambia deni lipo na nafasi yake ipo. Amerudi. Anaposoma ukurasa huu ajue hatuandiki ili kumchoma. Tunaandika kwa sababu sote tulinyoosha mikono siku ile ya kura, na mikono ilikuwa mingi kuliko sita.

MWAKA WA KUSUBIRI

Januari 2023 tuliomba tena, safari hii milioni kumi, kwa ajili ya mashine ndogo ya kukamulia mafuta. Aprili mwaka huohuo Serikali ilisimamisha mikopo hii nchi nzima. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ilikuwa imeonyesha mabilioni yaliyokopeshwa na hayakurejeshwa, na vikundi vingine havikuwepo kabisa isipokuwa kwenye karatasi.

Tulisikia habari ile kwenye redio tukiwa kikaoni. Wengi walikasirika: sisi tumelipa, kwa nini tuadhibiwe kwa makosa ya wengine? Lakini mweka hazina wetu akasema neno lililotutuliza. "Tukiwa wakweli, tulikosa nasi. Tofauti yetu na wao ni zile 25,000."

Mwaka huohuo bei ya alizeti ilianguka. Kama tungepata mkopo na kununua magunia kwa bei ya msimu uliopita, pengine leo tungekuwa kwenye orodha ya wadaiwa. Tulinunua kwa fedha ya sanduku peke yake, magunia 40 kwa bei ya chini, tukayakamua taratibu, na mashudu tukawauzia wafugaji wakati wa kiangazi. Tulijifunza kwamba kikundi kinachokufa kwa kukosa mkopo kilikuwa kimekwisha kufa kabla.

Mikopo ilirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Halmashauri 10, ikiwamo Jiji la Dodoma, ziliwekwa za majaribio kwa kupitia benki, na zilizobaki 174 zikaendelea kutoa zenyewe kwa uangalizi mkali zaidi. Sisi ni wa hizo za pili. Maombi sasa yanaingizwa kwenye kompyuta, na binti wa mwanachama wetu mmoja ndiye aliyetusaidia, maana wengi wetu vidole vimezoea jembe. Mapema mwaka 2025 tulipata milioni tisa. Safari hii hakuna aliyethubutu kutamka neno "tugawane". Fedha yote ilikwenda kwa mwenye mashine na fundi wa umeme. Hadi tunapoandika, mashine inanguruma, na marejesho manne yamekwisha kwenda, yote kabla ya tarehe.

TUNAYOWAACHIA WENZETU

Wanaotutembelea huuliza siri ni nini. Hatuna siri, tuna mambo manne. Isome katiba yako kabla hujaipigia mhuri. Omba kile unachoweza kukieleza kwa hesabu, na usiombe "maendeleo". Fedha iliyoandikwa alizeti inunue alizeti. Na kumbuka kwamba unaporejesha, humlipi mkurugenzi wala diwani. Kuna kikundi kingine, pengine ng'ambo ya mlima, kinasubiri fedha hiyohiyo. Kwa wazee wetu ilikuwa kuhemea kwa zamu: leo mimi kwako, kesho wewe kwangu.

Bibi yetu wa kopo la risiti hakuiona mashine. Alitutoka mwishoni mwa mwaka 2023, wakati tukiwa bado tunasubiri. Wanawe walitupa lile kopo, nasi tumeliweka ndani ya sanduku la makufuli matatu, chini ya vitabu vya hisa. Risiti zote 212 zimo. Mwanachama mpya anapoingia, kabla hajanunua hisa ya kwanza, anapewa azihesabu.

Wasomaji wetu, vikundi vya vijiji jirani, na viongozi mtakaokipata kijitabu hiki: Alhamisi saa tisa alasiri tupo, chini ya mkwaju uleule. Madaftari yote ya miaka kumi yapo mezani, na yale ya mwaka 2020 pia. Karibuni myasome.